Nokia N810 kushika seva ukiwa safarini, inawezekana?

Mkuu umeuliza kama hiyo Nokia N810, kikompyuta cha mfukoni, uliyoiokota kwa fundi inatosha kushika seva, yaani kuiendesha kwa mbali, ukiwa njiani. Inatosha, ila usitegemee maajabu, ni kitu cha 2007 na RAM ni MB 128 tu. Uzuri wake ni Linux ya kweli, mfumo wake Maemo umejengwa juu ya Debian, so unaweka OpenSSH (programu ya kuingia seva kwa mbali kwa usalama) unafungua terminali unaingia. Kioo ni 800 kwa 480, log (kumbukumbu za seva) zinasomeka, kibodi ya kusukuma nayo inasaidia ingawa alama kama | zimefichwa, utazitafuta mpaka ulaani.

Shida utakayokutana nayo mapema ni kwamba OpenSSH kuanzia 8.8 (2021) imezima ssh-rsa, aina ya zamani ya saini za funguo ambayo N810 inaitegemea, kwahiyo seva mpya itakukatalia tu. Usilegeze seva ya kazini kisa kidude, weka Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei rahisi) nyumbani, legeza hiyo ikubali ssh-rsa, ingia hapo kwanza ndio uende seva ya kazini.

N810 haina laini ya simu, utatumia hotspoti ya simu, na net ikikata kazi inakufa nayo. Mimi nilikua kwenye basi naapudeti seva, kufika Mikumi mtandao ukapotea, sikua nimefungua screen (programu inayoweka kazi hai kwenye seva hata ukikatika), Iringa nakuta dpkg, kisakinishi cha programu cha Debian, imekwama nusu nusu ikabidi nianze na dpkg --configure -a nimesimama stendi na begi mgongoni. Kwahiyo ukiingia tu andika screen, ikikata unarudi na screen -r unaikuta kazi inaendelea.

Na ufunguo wa ssh uwekee nywila, kidude kinaingia mfukoni so kinaibika kirahisi, kikienda futa mstari wa ufunguo huo kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia) siku hiyohiyo.