Jua la Tanga hudanganya: kuanika, kuanua na kufungia chakula cha nyumbani

Ukitaka kulima chakula cha nyumbani hapa Tanga na kukiweka, jiulize kwanza mavuno yatakukuta kwenye hali gani ya hewa. Jua ni kali, kweli, lakini upepo wa bahari umebeba unyevu. Kilichokuwa kikavu saa nane mchana, ikifika magharibi kimeanza kunywa maji upya. Makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, na mboga kavu nyingi huota ukungu kwa sababu zilichelewa kuanuliwa, wala si kwa kukosa jua.

Kunde zilizopandwa Oktoba kwa mvua za vuli hukauka Januari, kaskazi ikivuma na mvua imekatika. Za masika hukomaa huku bado kunanyesha. Hizo zichumwe mbichi na kuliwa.

Majani ya kunde huanza kuchumwa wiki ya nne. Chukua ya juu yaliyo laini, lakini usizidishe theluthi moja ya majani ya shina, la sivyo punje utazisikia kwa jirani. Yaoshe, yatie kwenye maji yanayotokota yenye kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita, dakika tatu, kisha yachuje. Hatua hii watu huiruka, halafu mboga inageuka kahawia na kunuka kama nyasi: maji ya moto ndiyo yanayozima vimeng'enya vinavyoendelea kuiharibu hata ikishakauka. Tandaza safu nyembamba kwenye kichanja, kivulini penye upepo, ufunike kwa chandarua kikuukuu. Jua la moja kwa moja huunguza vitamini A. Anika saa tatu, umande ukishaondoka, uanue saa kumi. Siku mbili au tatu zatosha. Jani likavunjika kwa vidole badala ya kujikunja, tayari. Kilo kumi mbichi hubaki kama kilo moja, kwa hiyo usishtuke.

Punje zina kipimo chao. Kaanga chumvi kidogo kwenye kikaango kikavu, maana chumvi ya Pwani yenyewe ni mbichi, iache ipoe, kisha itie na kiganja cha kunde kwenye chupa kavu. Tikisa, ngoja dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha kunde juani. Ikidondoka yote chini, jaza dumu mpaka shingoni na ukaze kifuniko. Bungua hutaga mayai tangu shambani, kwa hiyo utawafungia humo humo. Dumu likijaa barabara wanakosa hewa na kufa. Dumu nusu huwaachia hewa ya kutosha kuzaana. Tumia vyombo vidogo vya wiki moja moja, kwani kila ukifungua, unyevu unaingia.

Muhogo unataka subira zaidi. Pingili ziwe za sentimita 25 hadi 30, zikatwe katikati ya shina lililokomaa, zipandwe mita moja kwa moja. Kiwanja cha mita kumi kwa kumi kinabeba mashina mia. Wengi huuacha ardhini kama ghala, na kwa miezi michache ni sawa. Lakini kuna michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mwaka 1936 kutoka Amani, mkoani humu humu. Majani yanaweza kuonekana mazuri huku mzizi ukioza ndani, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi. Ng'oa shina moja la majaribio mwezi wa tisa tangu kupanda, ukate mzizi wake. Ukiona madoa ya kahawia yaliyo makavu kama kizibo, vuna yote, na pingili zake usizipande tena.

Ukishang'oa una siku mbili tu. Muhogo mtamu menya siku hiyo hiyo, kata vipande vyembamba, uanike juu ya kichanja, kamwe si mchangani. Mchungu usianikwe hivyo: loweka siku tatu mpaka ulainike, umwage maji, ndipo uuvunje na kuuanika, vinginevyo sumu hubaki kwenye unga na bada, ugali wa muhogo, inakuwa hatari. Kopa lililoiva kwa jua huvunjika kwa mlio kama chaki. Lenye ukungu tupa lote, kukwangua hakusaidii. Lililo zuri nalo liweke kwenye dumu, maana mdudu dumuzi hulipenda kama anavyopenda mahindi.

Embe bichi za achari haziogopi mvua. Kilo moja ya vipande kwa gramu 100 za chumvi, usiku kucha, chuja, kisha pilipili, bizari, siki, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa, yafunike vipande vyote. Kinachochungulia juu ya mafuta ndicho kinachooza kwanza, na kijiko chenye maji humaliza chupa nzima. Usijaribu kufungia bamia, maharage au samaki kwenye chupa kwa kuchemsha sufuriani: embe na siki vina uchachu, hivyo vingine havina, na mbegu za bakteria wa botulinamu, wanaotoa sumu ya kuua, hustahimili maji yanayochemka.