Madaftari manne, kurasa sita sita

Barua nyingi za wiki hii zinahusu ADHD, ile hali ya ubongo inayoanza utotoni na kuvuruga umakini, subira na hata hisia ya muda. Mwandishi wenu naye ni mmojawapo. Daktari alinithibitishia nikiwa mtu mzima tayari. Kwa hiyo sijibu kama tabibu. Najibu kama mwenzenu aliyeunguza sufuria nyingi za maharage.

Dada, nimenunua daftari la nne la mipango mwaka huu. Yote yameishia ukurasa wa sita. Je, mimi ni mvivu tu?

Mvivu hanunui madaftari manne. Daftari jipya lina utamu wake: karatasi inanukia, kalamu za rangi zipo, unakaa Jumapili jioni unaipanga wiki kama waziri. Shida ni kwamba ubongo wetu husukumwa na kipya, kinachovutia au cha dharura. Daftari likizoeleka, halituiti tena. Likiingia mkobani ndiyo basi, limezikwa.

Usinunue la tano. Chukua karatasi moja, andika mambo matatu ya leo, ibandike mlangoni karibu na kitasa. Ukiacha kuiona baada ya wiki mbili, hamishia kwenye kioo, au tumia karatasi ya rangi nyingine.

Wanasema siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Mimi hata ya tisa sifiki.

Hiyo 21 ina kisa chake. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno “angalau” likadondoka njiani, na habari za pua zikageuka sheria ya mazoezi na kuamka mapema.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na jambo lake dogo la kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Na hawakuwa wamechaguliwa kwa sababu ya ADHD, kwa hiyo hata hiyo 66 usijipimie.

Mimi nilichoondoka nacho ni hiki: waliporuka siku moja, hakikuharibika kitu cha maana. Kinachotumaliza sisi ni kulipa deni. Umeruka mazoezi siku tatu, ya nne unataka kufanya ya siku nne, misuli inauma, unaacha mpaka Krismasi. Deni hilo lisamehe. Fanya ya leo tu, hata dakika mbili.

Naloweka nguo asubuhi, nazikumbuka usiku zimeshaanza kunuka. Kengele ya simu naizima bila hata kujua.

Karibu chamani. Mimi nina shuka jeupe lililoota madoa ya ukungu namna hiyo hiyo.

Kengele ikilia wewe uko sebuleni na beseni liko uani, kazi unayoimaliza ni kuzima kengele. Iache simu uani, dirishani juu ya beseni, ili ukienda kuizima uwe umesimama mbele ya nguo. Pili, funga kufua kwenye jambo ambalo huwa hulisahau. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa “likitokea hili, nafanya lile” hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Wangu: nikibandika maji ya chai, naloweka, kikombe kikiisha, nafua. Siku ngumu nampigia mdogo wangu, naye anafua kwake, tunapiga soga mpaka kamba ijae.

Nasahau kama nimemeza dawa ya ADHD au la.

Kanunue kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, kikae kando ya mswaki. Chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, umemeza. Usipokuwa na uhakika, usiongeze kidonge; muulize daktari au mfamasia wako.

Mume wangu ana ADHD. Nimechoka kumkumbusha kununua umeme, naye anasema nimemgeuza mtoto.

Wote wawili mna haki ya kuchoka. Kukumbusha nako ni kazi, na hiyo umeifanya peke yako miaka yote. Kaeni wakati hakuna ugomvi, umeme uwe wake kabisa: anunue siku mshahara unapoingia, kabla hajaenda popote, kiasi kile kile kila mwezi. Wewe usichungulie mita. Zamu ya kwanza mtalala gizani, nakwambia mapema. Mshumaa atafute yeye.