Madirisha ya alumini kwenye nyumba ya kihistoria

Umeuliza kama unaweza kung'oa madirisha ya mbao uweke ya alumini, na chumba cha mbele ukigeuze duka, ilhali nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi ya majengo ya kale. Ndugu, usiguse kitu kabla ya kibali. Hayo kwa kawaida ni maombi mawili: la kubadili jengo na la kubadili matumizi. Kukubaliwa moja si kukubaliwa yote.

Duka halinitishi sana. Nyumba yenye shughuli hutunzwa kuliko iliyofungwa. Kazi iko kwenye madirisha. Kamati ya hifadhi, inayopitia maombi hayo, hutazama zaidi upande unaoonekana kutoka barabarani, na watakuuliza kwanza: kwa nini yasikarabatiwe? Mara nyingi kilichooza ni kipande cha chini tu, seremala mzuri hukikata akaunga kingine. Piga picha kila dirisha, ambatisha vipimo, na umwone ofisa wao kabla ya kujaza fomu.

(Ukiziba nyufa za ukuta wa chokaa, tumia chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, mawe yakaanza kumeguka.)

Kamati ikikataa, omba sababu kwa maandishi mapema, muda wa rufaa usije ukakupita.