Bei tatu za mtoto wa jicho: uliza kilichomo ndani ya kila moja

Mkuu, pole kwa kuuguza mzee. Umesema ana miaka 71, yuko Morogoro, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na umetajiwa bei tatu: laki tatu na nusu, laki tisa na milioni mbili. Unauliza ipi ni ya kweli. Zote tatu zinaweza kuwa za kweli, ila huenda kila mmoja anakutajia kitu tofauti. Mwaka 2022 nilimuuguza mama yangu kwa tatizo hilihili, na zipo pesa nilizolipa kwa kutojua la kuuliza, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Mama yupo Korogwe. Tulishtuka alipoanza kuacha mawe kwenye mchele, na tangu utoto wangu sikuwahi kutafuna jiwe kwenye wali wake. Kumbe karibu miezi minane alikuwa akinunua matone ya "kuyeyusha" mtoto wa jicho kwa mtu anayepita na begi mitaani. Hili lishike kabla ya mengine yote: hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho ndiyo imepata ukungu, na tiba ni kuitoa na kuweka ya bandia. Pesa ya matone hayo ingetosha nauli yake ya kuja Dar na kurudi mara kadhaa.

Nikamleta Dar. Kliniki ya kwanza niliipigia simu, wakanitajia 950,000, nikajipanga kwa hiyo. Tulipofika, kumwona daktari 50,000. Vipimo vya kupata namba ya lenzi 120,000. Kaunta wakanieleza kuwa 950,000 ni kwa lenzi ngumu, ukitaka ya kukunja unaongeza 400,000, na dawa za baada ya operesheni 90,000. Jumla 1,610,000, tena jicho moja. Nilikuwa nimeuliza "operesheni ni shilingi ngapi", nikajibiwa nilichouliza. Kilichoniuma ni kingine: mama ana sukari miaka kumi na moja, tulilisema mapema kabisa, na hakuna aliyemwekea matone ya kupanua mboni ili aangaliwe nyuma ya jicho. Nikalipa 170,000 ya daktari na vipimo, tukaondoka.

Hospitali ya pili, ya taasisi ya dini, walikuwa na bei moja: 430,000 kwa jicho, ndani yake lenzi, dawa, na kurudi mara tatu, yaani kesho yake, baada ya wiki na baada ya mwezi. Nilidhani urahisi huo una kasoro, nikamuuliza daktari waziwazi. Akanieleza kwamba kuna njia mbili kubwa. Moja inatumia mashine ya mawimbi ya sauti inayovunjavunja lenzi na kuinyonya kupitia tundu la milimita 3 hivi, kisha inaingizwa lenzi ya kukunja. Mashine ni ghali na vifaa vyake vingine hutupwa kila operesheni, kwa hiyo bei hupanda. Nyingine ni ya mkono: njia ya milimita 6 au 7, lenzi inatolewa nzima, na mara nyingi hakuna hata uzi wa kushona. Kwa mtoto wa jicho aliyekomaa na kuwa mgumu, kama wengi wa wazee wetu wanaochelewa, njia ya mkono mikononi mwa aliyeizoea inatoa matokeo mazuri sana. Ya mashine hupona haraka zaidi, na haivurugi umbo la jicho kama ya mkono. Kwa hiyo ukisikia milioni mbili, uliza ni njia gani na lenzi gani kabla ya kuamini kwamba ndiyo bora kwa mzee wako.

Uliza pia nani atashika kisu na anafanya wangapi kwa wiki. Hapa Tanzania wapo madaktari bingwa wa macho, na wapo pia madaktari wasaidizi waliosomea kutoa mtoto wa jicho. Usimdharau wa pili. Kama kila wiki anafanya wengi, mimi ningemkabidhi mama bila wasiwasi. Daktari unaweza kumhakiki kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Sasa sehemu ambayo ningetaka uisome mara mbili. Huyo daktari wa pili alimpanua mama mboni, akaangalia muda mrefu, akatuambia: "Mtoto wa jicho nitamtoa, lakini pazia la nyuma ya jicho, linalopokea picha, limeshaguswa na sukari. Ataona vizuri kuliko sasa, ila asitegemee kuona kama ujanani." Akataka kwanza kipimo cha sukari ya miezi mitatu, na kwa kuwa ilikuwa juu, tukasubiri wiki tisa ishuke. Baada ya operesheni, kwa ajili ya pazia hilo, alihitaji sindano za ndani ya jicho, tatu, kila moja 150,000. Jumla 450,000, zaidi ya operesheni yenyewe. Kama hakuna anayeangalia nyuma ya jicho, gharama hiyo unaikuta mbele ya safari bila kujipanga, na mgonjwa anadhani operesheni imeharibika. Kama mzee ana sukari, au presha ya macho ipo kwenye ukoo, usikubali tarehe ya operesheni kabla hajapanuliwa mboni.

Basi rudi kwa hao watatu na uombe mchanganuo wa maandishi. Bei ni ya jicho moja au mawili? Vipimo, lenzi, dawa na kurudi kliniki vimo? Ikitokea tatizo ndani ya mwezi, kurudishwa chumba cha upasuaji ni juu ya nani? Kama mna NHIF, dirisha la bima wakuandikie lenzi ipi inalipiwa na nyongeza yenu ni kiasi gani. Wakikataa kuandika, mimi ningehama. Ongeza mwenyewe nauli, gesti ya msindikizaji, na miwani ya kusomea, maana lenzi ya kawaida hupangwa kwa kuona mbali. Miwani hiyo msiinunue kabla ya wiki nne hadi sita, jicho litulie kwanza.

Jambo moja la baadaye. Baadhi ya watu, miezi au miaka kupita, huona ukungu tena, na wapo watakaokwambia mtoto wa jicho "amerudi" ili ulipie operesheni mpya. Harudi. Ni utando wa nyuma ya lenzi bandia umepata ukungu, na hufunguliwa kwa leza dakika chache, mgonjwa amekaa kwenye kiti, bila kulazwa.

Kwa macho mawili, anzeni na lile baya zaidi, mkiona limekaa vizuri ndipo mfanye la pili. Na siku hiyo mzee avae shati la vifungo, si fulana ya kuvulia kichwani, maana atatoka jicho limefungwa.