Retinoli inachoma na mabaka yanazidi: niendelee au niache?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Dar es Salaam. Nilinunua seramu ya retinoli ya asilimia 1 kwa ajili ya chunusi na madoa yaliyobaki. Naipaka kila usiku baada ya kusugua uso kwa skrabu. Sasa ni wiki ya tatu, na pembeni mwa pua na midomo ngozi inabanduka. Hata losheni ya kawaida inachoma, na mabaka yamezidi kuwa meusi. Wenzangu wanasema nivumilie, ndiyo inafanya kazi. Je, niendelee? Pia tunapanga kupata mtoto mwakani, kuna shida?

JIBU: Marahaba, dada. Usivumilie. Acha seramu na skrabu kuanzia usiku wa leo. Kwa wiki mbili hivi nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, kisha paka losheni nzito au mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Uso ukivimba au ukitoa majimaji, nenda ukaonwe na daktari.

Wenzako wanachanganya mambo mawili. Ni kweli retinoli huweza kutoa vichunusi vingi kidogo wiki za mwanzo, lakini hutokea pale pale ulipozoea kuvipata, na hupungua vyenyewe. Kuchoma na kubanduka pembeni mwa pua na midomo ni ngozi iliyoumia. Na kwa ngozi zetu nyeusi, kuumia huko kuna gharama yake: seli zinazotengeneza rangi hujibu uvimbe kwa kumwaga rangi zaidi, na ikishuka tabaka la chini huchukua miezi mingi kuondoka. Ndiyo maana unapaka dawa ya madoa na madoa yanaongezeka.

Retinoli yenyewe ni aina ya vitamini A. Ikiingia kwenye ngozi hugeuzwa kuwa retinali, kisha asidi ya retinoiki, ambayo ndiyo tretinoini inayouzwa kama dawa. Hiyo asidi ndiyo huzuia vinyweleo kuziba na kuamsha utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kazi hii ni ya miezi. Kuongeza nguvu ya dawa hakuifupishi, kunaongeza kuungua tu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vipodozi vya usoni vyenye retinoli, nawe ulianza na zaidi ya mara tatu ya hapo, kila usiku, juu ya uso uliokwisha kusuguliwa.

Losheni ikishapakika wiki nzima bila kuchoma, unaweza kuanza upya na retinoli ya asilimia 0.2 au 0.3, usiku mara mbili tu kwa wiki. Nawa, subiri uso ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji huinyonya kwa kasi na kuwashwa zaidi. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye kona za pua, za midomo na kuzunguka macho ili retinoli isitue hapo. Kisha kamua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, weka vitone kwenye paji, mashavu na kidevu, sambaza, na umalizie na losheni. Baada ya mwezi, kama uso umetulia, ongeza usiku mmoja. Skrabu isirudi kabisa, na asidi za kuchubua zisipakwe usiku mmoja na retinoli. Chunusi zipe wiki 12 kabla hujahukumu. Madoa huchukua muda mrefu zaidi.

Asubuhi paka krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo. Ukipata yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, ni bora zaidi kwako, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana huzidisha weusi wa mabaka. Bila kinga hii sioni faida ya kupaka retinoli. Chupa yenyewe iwe ya pampu au tyubu isiyopitisha mwanga, mbali na joto. Retinoli huharibika upesi kwenye kopo la wazi.

Kuhusu mtoto: mkiacha tu uzazi wa mpango, acha na retinoli, usisubiri kipimo kionyeshe mimba. Dawa za jamii hii zinazomezwa, kama isotretinoini, husababisha kasoro kubwa kwa mtoto tumboni. Kinachopenya kupitia ngozi ni kidogo, ila hatuna sababu ya kukijaribu. Kipindi hicho tumia asidi ya azelaiki, inayosaidia chunusi na madoa na inafaa kwa wajawazito.

Jambo la mwisho nakuuliza kwa sababu wengi hawalitaji. Je, kuna krimu ya kung'arisha au mkorogo wowote unaopaka? Soma boksi lake utafute klobetasoli, betamethasoni au haidrokwinoni. Mbili za kwanza ni steroidi. Steroidi hutuliza kuwaka kwa muda huku ikiifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzalisha chunusi mpya, na hapo retinoli haitakusaidia. Ukiwa nayo usiikatishe ghafla peke yako, uso unaweza kulipuka. Beba chupa na tyubu zako zote kliniki tuzisome pamoja.