Maswali na Majibu: Hasira, jasho la usiku na programu za simu

SWALI: Nina miaka 49. Hedhi yangu huja mwezi mmoja, ikaruka miwili. Usiku naamka nimelowa jasho, asubuhi nawafokea watoto kwa jambo dogo, kisha nalia peke yangu. Nimepakua programu tatu za afya ya akili, zote nimeziacha ndani ya wiki. Zinasaidia kweli, au najaza simu bure?

JIBU: Dada yetu, zinasaidia, ila si tatu kwa mpigo. Uko katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Ukomo wenyewe huhesabiwa miezi 12 ikishapita bila hedhi. Kwa sasa estrojeni, homoni ya kike, hupanda na kushuka ovyo, na hiyo huleta joto la ghafla lenye jasho, tena hugusa hisia na usingizi. Aliyewahi kuugua sonona awe macho zaidi, kwa sababu huweza kurudi wakati huu.

Futa mbili. Bakiza iliyojengwa juu ya tiba ya fikra na tabia, yenye mazoezi ya kuandika, maana maneno matamu ya kila asubuhi peke yake si tiba. Kisha ipangie muda: dakika 10, saa ileile, wiki sita. Wengi huacha kwa kuwa hakuna anayewauliza wamefikia wapi, basi mwombe rafiki au muuguzi akuulize kila Jumapili.

Rekodi iwe fupi. Mfano: “Saa 9 usiku, joto, dakika 3. Nimewaza: sitalala tena, kesho kazini nitaaibika. Wasiwasi 8 kati ya 10.” Chini yake andika wazo linalohimili ushahidi: “Joto hili hupita. Wiki jana nililala vibaya na kazi ilifanyika.” Pima wasiwasi tena. Ukishuka hadi 5, zoezi limefanya kazi. Andika asubuhi, ukishika simu saa 9 usiku, usingizi ndiyo umeuaga.

Duara la kupumulia, lile linalotanuka na kusinyaa kwenye programu kukuongoza pumzi, nalo lina faida: vuta pumzi sekunde 4, toa sekunde 6, bila kuibana. Kosa la kawaida ni kulisubiri joto lije ndipo ujifunze. Fanya mazoezi ukiwa umetulia, mara mbili kwa siku. Usitarajie joto likome. Kinachopungua hasa ni jinsi linavyokusumbua.

Kuhusu usingizi, shika saa moja ya kuamka, hata siku ya mapumziko. Ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, rudi usingizi ukikushika. Programu nyingine hukupunguzia saa za kukaa kitandani. Usikubali zipungue chini ya 5, na kama una kifafa au ugonjwa wa bipolar (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), usijaribu bila daktari.

Kila wiki mbili jaza PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona. Lina maswali 9, alama 0 hadi 27. Ukipata 10 au zaidi, nenda kliniki na rekodi zako. Huko pia waangalie damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kidogo huiga uchovu huu huu. Uliza pia kuhusu tiba ya homoni. Swali la 9 linahusu kutamani kufa au kujidhuru: jibu lolote lisilo “hapana kabisa” linataka mtu wa kuongea naye leo hii, si programu.

SWALI: Naogopa siri zangu zitavuja. Nifanyeje?

JIBU: Woga wako una msingi. Programu ya kuandika hisia haihitaji orodha ya namba zako wala mahali ulipo, ikiomba, kataa. Jisajili kwa jina la utani na uweke namba ya siri. Ukiichoka, futa akaunti kwanza kwenye mipangilio, ndipo uiondoe programu. Ukianza kwa kuondoa programu, akaunti na maandishi yako huweza kubaki kwenye kompyuta za kampuni yenye programu hiyo.