Usitoe tyubu moja kaka, weka resista tatu

Mkuu umesema amp yako ya gitaa (kikuza sauti) ya EL84 mbili, yaani tyubu mbili za mwisho, zile taa za kioo zinazokuza sauti, ukifungua volyum robo tu nyumba inatetemeka, ukirudisha chini gitaa linakuwa bapa halina ule mkwaruzo wa sauti kuvunjika amp ikibanwa, sasa unataka uchomoe tyubu moja ibaki nusu ya wati. Usichomoe. Zile mbili zinasukuma kwa kupokezana kwenye transfoma moja, ukiacha moja transfoma inaelemewa upande mmoja na sauti inaharibika. Halafu hata ungefanikiwa, kutoka wati 15 kwenda 7.5 ni desibeli 3 tu, sikio halishtuki kabisa, ili isikike kama nusu ya kelele inabidi ushuke mpaka wati 1.5 hivi.

Mi nimepita hukohuko. Nakaa Chikongola hapa Mtwara, nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, sasa unajua tena. Nilianza na masta volyum, ile poti (kitufe cha kuzungusha) ya mapacha inayokaa kabla ya tyubu za mwisho. Ilikuwa poa ila hewa ya chumvi huku inakula kila kitu, poti ikaanza kukwaruza, siku moja mguu wa kati ukaacha kugusa, gridi, yaani mguu wa tyubu unaopokea sauti, ikabaki inaelea na tyubu ikawa nyekundu kama jiko la mkaa. Nazima, imeshakufa. Kosa langu, sikuweka resista ya usalama (kipande cha kuzuia umeme) kutoka mguu wa kati kwenda ardhini, gridi iwe na njia ya kurudi hata poti ikiacha kugusa. Na kusema kweli mkwaruzo wa masta ni wa tyubu ndogo za mbele, mimi napenda ule wa tyubu kubwa zikibanwa.

Kilichonitoa ni kukata nguvu kati ya amp na spika. Spika yangu omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), nikachukua resista tatu za waya za omu 8.2, wati 50 kila moja, mbili nikazifunga sambamba zikawa kama omu 4 nikazipitisha kwenye waya mmoja unaotoka amp kwenda spika, ya tatu nikaibandika kwenye miguu miwili ya spika. Piga hesabu: amp bado inaona omu 8 na kidogo, spika inapata robo ya nguvu, yaani kwenye 15 inabaki kama 4, nyingine inaishia kuwa joto. Usidharau wati 50, amp ikibanwa sana inatoa zaidi ya zile 15 zilizoandikwa, mi niliwahi kuweka za wati 10 zikanuka chumba kizima. Zifunge kwenye bati la alumini zipumue. Uzuri wa zile mbili sambamba, moja ikikatika amp haibaki bila mzigo, maana amp ya tyubu ukiipiga bila spika transfoma ndo inakufa, hapo utalia.

Bado utaona besi imepungua kidogo, hilo ni sikio lenyewe, kelele ikishuka besi tunaisikia hafifu, ongeza tu kwenye toni.

Kabla hujagusa chochote ndani chomoa umeme, toa chaji ya kapasita (vile vinavyohifadhi umeme ndani) kwa resista, pima na mita mpaka isome karibu na sifuri. Mle mna volti 300 na zaidi, na zinakaa hata TANESCO wakikata.

Spika yako omu ngapi? Kama ni 16 thamani zinakuwa mara mbili, sema nikupigie hesabu.